Harufu ya Petroli Haifichwi kwa Udi



Hivi majuzi, baada ya swala ya Alasiri, alinijia jirani mmoja wa hapa Mji wa Kale akiwa na mashitaka. Mkewe, alisema, ameacha kufukiza udi usiku wa kuamkia Ijumaa, ada ambayo nyumba yao haikuikosa tangu zamani za mamake. "Sheikh, mnasihi," akaniambia. Nikamwuliza sababu. Akacheka kidogo: "Asema nyumba yanuka petroli."

Chini ya nyumba hiyo, katika ghala lililokuwa duka la marehemu babake, huwekwa gari aina ya Datsun 240Z alilolirithi kwake. Wazee wetu wanalikumbuka gari la namna hii: lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mara ya pili mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Jirani yangu analipenda, nami simlaumu, kwani kukitunza alichokiacha mzazi ni katika wema. Lakini mkewe alikuwa amemlalamikia kwa wiki tatu, naye jibu lake lilikuwa moja: gari kuukuu ndivyo lilivyo, na sakafuni hakuna hata tone.

Nikamwuliza, "Harufu yaja lini?" Hakujua. Tukaenda kwake, tukamwuliza mkewe, naye akajibu bila kusita: "Huanza Alhamisi jioni, Sheikh, na Ijumaa kutwa. Ikifika Jumapili huwa imekwisha."

Hapo mume akanyamaza. Alhamisi ndiyo siku ajazayo tangi, na Jumamosi huenda na gari Malindi kumzuru dadake.

Jibu la yule bibi lilikuwa nusu ya kazi ya fundi. Harufu ikija injini inapozunguka tu, hutafutwa mbele: kwenye pampu, kwenye kabureta na mipira iliyo baina yake. Ikiwapo siku zote, hata tangi likiwa na petroli kidogo, hutafutwa chini ya tangi na kwenye bomba linalotoka humo. Lakini ikija tangi linapojaa na kwisha linapopungua, basi tundu liko juu, mahali ambapo petroli haifiki ila likijaa.

Fundi akaitwa kutoka Majengo. Kabla ya kushika spana, aliamuru jiko la makaa lililokuwa uani lizimwe, milango ifunguliwe, na gari lisukumwe kwa mikono hadi nje bila kuwashwa. Hata waya wa betri hakuugusa mpaka upepo ulipopita ndani ya gari, kwa kuwa cheche moja ingetosha. Kisha akapangusa kila kiungo kikauka, akaanza kufuata njia ya petroli hatua kwa hatua. Alitueleza kwamba palipo na umajimaji sipo lazima panapovuja. Petroli hutambaa juu ya chuma na kudondoka mbali na ilikotoka, au hukauka njiani isionekane kabisa.

Mume alikuwa amekwisha kuingia gharama ya kufunguliwa kabureta zote mbili. Zilikuwa kavu. Fundi akaenda nyuma, akainua zulia la buti, akabandua kipande cha pembeni. Humo mlikuwa na mipira myembamba inayolipa tangi pumzi. Alipoukunja mmoja kwa vidole, ukafunua nyufa kama udongo wa kiangazi. Petroli iliyotiwa hali ya baridi hutanuka gari likikaa kwenye joto letu la Mombasa. Tangi likiwa limejaa pomoni, haina pa kwenda ila kwenye mipira hiyo. Iliyopenya nyufani ililoweka zulia kisha ikageuka mvuke. Ndiyo sababu hapakuonekana tone.

Wanavyuoni wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Jirani yangu alidhani kanuni hiyo ni hoja yake: uzima wa gari ni yakini, na maneno ya mkewe ni shaka. Nilimwambia ameigeuza. Harufu iliyonuswa na mtu mwenye akili timamu, wiki tatu mfululizo, kwa siku zile zile, ndiyo yakini. "Ndivyo lilivyo" ni dhana tu.

Na tufikiri ni kipi alichokikataa bibi huyu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kutulia palipo chini. Kwao palipo chini ni ukumbini na uani, pale pale anapowasha makaa ya chetezo. Juu wamelala watoto. Dari ni za boriti, na ukuta wa nyumba umeshikana na wa jirani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na wenyewe wamo ndani, Mtume (S.A.W.) alipopata habari akaonya kuwa moto ni adui yetu, tuuzime tunapolala. Bibi huyu hakuacha ada; alitekeleza mafunzo hayo.

Basi enyi mama na dada zangu, mkinusa petroli ndani ya nyumba msiifukizie udi wala msione haya kusema. Msiwashe kiberiti, wala msibonyeze swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Fungueni milango, watoeni watoto nje, kisha ndipo aitwe fundi. Mkumbuke pia siku na saa harufu ilipoanza, kwa maana fundi ataiuliza. Nanyi waume, mke akisema nyumba yanuka, inukeni mkanuse.

Mipira yote ya gari lile imebadilishwa, si ule mmoja tu, kwani yote ni ya umri mmoja. Alhamisi iliyofuata tangi lilijazwa na gari likaachwa nje usiku kucha. Asubuhi bibi akashuka, akafungua buti, akainama, akanusa kwa utuvu. Alhamisi ya pili, udi ulirudi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie nyumba zetu na za majirani zetu. Wabillahi tawfiq.