Tarehe ya Kustaafu Isiwe Hukumu



Sheria ya haki humuuliza mtu ametenda nini. Sheria ya pensheni ya watumishi wa serikali yetu humuuliza kwanza amezaliwa lini. Walimu wawili waweza kuajiriwa siku moja, wakafundisha shule moja, kwa cheo kimoja na mshahara mmoja, kisha mmoja akaingia uzeeni na nusu ya kile atakachopata mwenzake kwa sababu tu mamaye alitangulia kumzaa. Wengi wetu tuna wazazi walioangukia upande mbaya wa tarehe hiyo, nasi tumezoea kuwaambia washukuru kwa kidogo walicho nacho. Mimi naona wakati umefika tuache kuwaambia hivyo.

Tuanze na hesabu, maana dhuluma hii imejificha ndani ya hesabu. Katika utaratibu wa zamani, ambao ndio uliowastaafisha wazee wetu, kila mwezi wa utumishi humpatia mtu sehemu moja ya 480 ya mshahara wake wa mwisho. Aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, hustahili pensheni ya robo tatu ya mshahara huo. Akikubali kuachilia robo ya pensheni yake, robo hiyo ya mwaka huzidishwa mara 20 akapewa kwa mkupuo mmoja. Hicho ndicho kiinua mgongo. Kinachobaki hulipwa kila mwezi hadi kufa kwake. Msomaji ataona kwamba hesabu yote imening'inia juu ya mshahara wa siku ya mwisho kazini. Na ni nani apangaye mshahara wa siku hiyo? Ni serikali. Ni nani aamuaye siku ya mwisho itakuwa lini? Ni serikali hiyo hiyo.

Sasa tuutazame mwaka 1997. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, wa pili tangu vyama vingi virejeshwe. Mwezi wa Oktoba, huku kura ikisubiriwa Desemba, walimu waligoma, na serikali ya KANU ikatia sahihi mkataba wa nyongeza kubwa ya mishahara, iliyokuwa ilipwe kwa awamu katika miaka 5 kuanzia tarehe 1 Julai 1997. Walimu wakarudi madarasani. Kura zikapigwa. Awamu ya kwanza ikalipwa. Awamu ya pili ilipofika mwaka 1998, serikali ikasema haina fedha, walimu wakagoma tena, na safari hiyo wakarudi kazini mikono mitupu. Suala hilo lililala hadi serikali ya Narc ilipoingia madarakani, na mwaka 2003 yakafanywa mapatano mapya ya kulipa zilizosalia kwa awamu nyingine.

Kwa mwalimu aliyekuwa na miaka 35, huko kulikuwa kucheleweshewa tu: alingoja, akalalamika, mwishowe akalipwa. Lakini je, yule aliyetimiza miaka 55 katikati ya 1997 na 2003, uliokuwa ndio umri wa kustaafu siku hizo? Mkataba ulikuwa umetiwa sahihi angali kazini. Alikuwa miongoni mwa waliogoma ili upatikane. Siku yake ya mwisho ilipofika, karani wa pensheni alichukua mshahara uliolipwa, wala si mshahara ulioahidiwa, akauweka katika ile hesabu ya sehemu ya 480. Basi, ikawa imekwisha. Mapatano ya 2003 hayakumgusa, kwani alikuwa ameshatoka.

Nitatoa mfano ili jambo lieleweke. Tarakimu hizi nimezichagua kwa wepesi wa hesabu tu. Mwalimu wa miaka 30 kazini anastaafu akiwa na mshahara wa shilingi 8,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili ni shilingi 6,000. Akiachilia robo, anapewa kiinua mgongo cha shilingi 360,000, na kila mwezi shilingi 4,500. Lau mshahara wake ungalikuwa umefikishwa 16,000, angalipata 720,000 kwa mkupuo na 9,000 kwa mwezi. Tofauti hiyo haiishi siku ya kustaafu. Humfuata mtu kila mwezi hadi kaburini. Hata ile nyongeza ya asilimia 3 ambayo wastaafu hupewa kila baada ya miaka 2 huhesabiwa juu ya msingi ule ule mdogo. Asilimia 3 ya shilingi 4,500 ni shilingi 135. Mtu asubiri miaka 2, apate shilingi 135!

Wazee hao hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani Nakuru, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ikawapa haki: waliostaafu mkataba ukiwa na nguvu wanastahili kuhesabiwa kwa mkataba huo. Tume ya Kuwaajiri Walimu haikukubali. Ilipanda ngazi za rufani hadi Mahakama ya Juu, ambako pia iligonga mwamba mwaka 2015. Sisi mawakili hufundishwa kwamba hukumu ya mwisho ndiyo mwisho wa mabishano. Wastaafu hao wamejifunza vingine: kwamba hukumu dhidi ya serikali ni karatasi mpaka Hazina itakapopenda. Zaidi ya miaka 10 baada ya ushindi wa Nakuru walikuwa bado wakiandamana, wakipeleka malalamiko Bungeni, wakiambiwa majina yahakikiwe upya. Wengi wamefariki wakingoja. Mdeni mwenye subira ya aina hiyo hupunguziwa deni na mauti, naye ajua hivyo.

Sidai kwamba kila tarehe ni dhuluma. Mwaka 2009 serikali ilipandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60 kuanzia tarehe 1 Aprili. Aliyezaliwa Februari 1954 alikuwa amekwisha kwenda nyumbani. Aliyezaliwa Mei mwaka huo huo aliongezewa miaka 5 ya mshahara na ya utumishi unaohesabiwa katika pensheni. Inauma, hasa kwa mwenye watoto walio bado shuleni. Hata hivyo yule wa Mei alifanya kazi miaka hiyo mitano, na yule wa Februari hakuwa ameahidiwa chochote akanyang'anywa. Vilevile mfuko mpya wa pensheni, ulioanza tarehe 1 Januari 2021, uliwalazimisha walio chini ya miaka 45 kujiunga na kukatwa mishahara yao, kuanzia asilimia 2 hadi kufikia asilimia 7.5, huku wenye miaka 45 na zaidi wakiachiwa hiari. Aliyepungukiwa na mwezi mmoja kutimiza 45 ana haki ya kunung'unika. Lakini mpaka ule ulitangazwa na sheria iliyopitishwa tangu 2012, nao ulihusu siku zijazo. Mipaka ya namna hii twaweza kubishana juu yake na tukaivumilia. Usiovumilika ni ule ambao serikali hujiwekea baada ya kupokea kazi, ili isilipe kile ilichokwisha kukubali.

Wapo watakaotukumbusha vibarua wa shamba la mizabibu, walionung'unika kwa kuwa waliokuja jioni walilipwa sawa nao. Hebu na wausome mfano huo vizuri. Bwana wa shamba lile aliwalipa wa asubuhi dinari kamili aliyopatana nao. Wa kwetu aliwapunguzia wa asubuhi, akawaambia wa jioni ndio walio na mapatano.

Wanaotetea utaratibu huu husema pia kwamba lazima mstari uchorwe mahali fulani, la sivyo Hazina itafilisika. Hoja hiyo ningeiheshimu kama ingetumiwa kwa wote. Someni Jedwali la Sita la Katiba ya 2010. Humo imeandikwa kwamba pensheni za wenye vyeo vya kikatiba zitafuata sheria iliyokuwapo siku zilipotolewa, au sheria yoyote ya baadaye ambayo si duni kwao. Yaani, kwa wakubwa, tarehe haiwezi kamwe kuwa adui. Sheria ikiboreka, wanaboreka nayo; ikidhoofika, haiwagusi. Mwaka 2020 nao Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kuwapa waliokuwa wabunge kati ya 1984 na 2001 angalau shilingi 100,000 kila mwezi, kwa hoja kwamba walitoka Bungeni kabla ya masharti kuwa mazuri. Tazama basi! Waheshimiwa wanafahamu fika kwamba tarehe ya kuondoka kazini yaweza kumdhulumu mtu. Walifahamu mara moja ilipowahusu wenzao.

Mwalimu, muuguzi na karani wa wilaya, kwa upande wao, wameachiwa kifungu cha 5 cha Sheria ya Pensheni, kinachosema kwamba hakuna mtumishi aliye na haki kamili ya kudai pensheni wala kiinua mgongo. Kifungu hicho ni urithi wa ukoloni. Kimejengwa juu ya fikira kwamba pensheni ni hisani ya mtawala kwa mtumwa wake mwaminifu. Fikira hiyo haiwezi kukaa nyumba moja na Katiba inayokataza ubaguzi, umri ukiwa mojawapo ya misingi iliyokatazwa katika kifungu cha 27, na inayowahakikishia wazee maisha ya heshima katika kifungu cha 57. Pensheni ni mshahara uliocheleweshwa. Mtumishi ameshaulipia kwa kazi yake, na kwa miaka yote aliyokubali ujira mdogo akiamini kwamba sehemu iliyosalia imewekwa.

Basi tunachodai ni kifupi. Kanuni ile ya Jedwali la Sita, ya kwamba mstaafu afuate sheria au mapatano yasiyo duni kwake, iandikwe katika Sheria ya Pensheni kwa ajili ya watumishi wote. Kifungu cha 5 kifutwe. Na waliostaafu katika miaka ile ya mkataba wa 1997 walipwe kama mahakama ilivyoamuru, na warithi wa marehemu wasizungushwe kutafuta hati ambazo serikali yenyewe inazo katika makabati yake.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi. Ombi lenye nguvu huhitaji ushahidi, na ushahidi uko majumbani mwetu, katika mikoba ya wazee. Ninaziomba kamati za haki na amani za parokia, pamoja na vikundi vya mageuzi katika kila kaunti, zikae na wastaafu hao baada ya ibada, ziandike kwa kila mmoja mambo manne: tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kustaafu, mshahara wa mwisho, na kiasi anachopokea sasa. Aliyefariki aandikiwe na mjane au mtoto wake. Nakala ya barua ya kustaafu iambatishwe. Ile ya asili ibaki kwa mwenyewe, wala asiikabidhi kwa mtu yeyote, hata akija amevaa suti na kujiita wakili.