Game Boy Haihitaji Taa
Wakusanyaji wa Game Boy, kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, wana homa mpya: wanang'oa kioo cha asili na kupachika chenye taa. Siafiki. Gunpei Yokoi na wenzake wa Nintendo walipoitoa mwaka 1989 walichagua kwa makusudi kioo kisicho na rangi wala mwanga, ndiyo maana betri 4 za rimoti zilidumu saa nyingi, huku Game Gear ya Sega, yenye rangi na taa, ikimaliza 6 kwa saa chache tu. Ubahili ule ndio ulioshinda soko (gemu ya Tetris nayo ilisaidia, tusiidhulumu). Ukitaka mwanga, sogea dirishani. Pesa ya kioo nunulia betri za ndani ya kaseti zako za Pokémon. Zikifa, kila ulichohifadhi kinafutika.