Jarida la kikundi: tusiue karatasi kwa sababu ya WhatsApp

Wiki hii siongelei mbolea wala viuatilifu. Naongelea jarida la kikundi chetu cha kujitolea hapa Kabanga, kile kinachotunza na kubadilishana mbegu za mihogo, migomba na miti ya asili. Kikao kijacho kuna hoja mezani: tuache kabisa jarida la karatasi, kila kitu kiende kwenye kundi la WhatsApp. Mimi naipinga hoja hiyo.

Lakini niwe mkweli. Wazo hilo nililileta mimi mwenyewe msimu uliopita. Jarida lina kurasa 8, wanachama tuko 40, na kopi stesheneri ni shilingi 100 kwa ukurasa. Hiyo ni shilingi 32,000 kila toleo. Hakuna anayelipwa, katibu anaandika usiku baada ya kazi za shamba, na mwenzetu mwingine anapeleka nakala kwa baiskeli. Nikasema tujaribu toleo moja kwa simu tu.

Toleo hilo lilikuwa na somo la kuchagua pingili za mihogo. Niliandika kwamba ugonjwa wa michirizi kahawia una ujanja: mara nyingi dalili za majani ni hafifu, shina linaonekana zima, kumbe mizizi imeharibika ndani. Kwa hiyo kabla ya kukata pingili, chimba, kata mizizi vipande, angalia. Ukiona madoa makavu ya kahawia, usichukue mbegu kwenye shina hilo. Nikaweka na picha. Nikaona watu wanajibu "asante", nikaridhika.

Miezi michache baadaye nilipita kwa mama mmoja mzee, mmoja wa waanzilishi wa kikundi. Majani ya chini ya mihogo yake yalikuwa na njano kandokando ya mishipa. Tukachimba mashina kadhaa, na madoa tukayakuta. Mbaya zaidi, pingili za shamba lile lile alizotoa mbegu alikuwa amewagawia majirani watatu. Nilipomuuliza kuhusu ujumbe wangu, alinijibu kwa upole: "Bwana shamba, picha zako zinaingia kwenye simu ya mjukuu wangu, naye yuko Kigoma mjini. Mimi nilikuwa nasubiri karatasi."

Kosa lile ni langu. Niliokoa shilingi 32,000 ya kikundi, kaya nne zikapoteza mbegu ya msimu mzima.

Najua WhatsApp ina kazi yake. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, jarida la kutoka mara moja kwa msimu lisingewahi kitu. Taarifa ya mdudu mpya, mvua kuchelewa au mbegu kufika stoo inatakiwa ifike leo, na simu ndiyo inayowahi. Lakini ujumbe wa simu unazama haraka chini ya salamu za asubuhi, taarifa za misiba na matokeo ya mpira. Halafu ukisambazwa mara tatu nne hujui tena nani aliuandika na lini. Kwenye kipimo cha dawa, hilo ni hatari. Karatasi inakaa. Kuna kaya nimekuta somo letu la kuhifadhi maharage limetundikwa kwenye msumari jikoni, na mtoto wa darasa la tano ndiye anayelisoma kwa sauti.

Wengine wanasema dunia nzima imehamia mtandaoni. Tuangalie waliotutangulia. East Africa Natural History Society, chama cha wapenda mimea na wanyama, kilianzishwa Nairobi mwaka 1909 na jarida lake likaanza 1910. Matoleo ya zamani leo unaweza kuyasoma kwenye simu, lakini ni kwa sababu kuna watu waliyachapa na wengine wakayatunza. Wataalamu wa majina ya mimea nao, kuanzia Januari 1, 2012, walikubali jina jipya la mmea litangazwe bila karatasi, ila kwa sharti liwe kwenye PDF yenye namba ya ISSN au ISBN. Ujumbe wa kupita haukubaliki. Na hapa kwetu, MkulimaMbunifu, jarida la kilimo hai lililoanza mwaka 2011, limekuwa likichapishwa kwa ajili ya vikundi na pia kuwekwa mtandaoni. Hawakuona lazima wachague kimoja.

Kwa hiyo kwenye kikao nitapendekeza hivi:

1. Habari ya haraka iende kwa simu, na kila ujumbe uwe na tarehe na jina la aliyeuandika. Asiye na simu janja apangiwe jirani wa kumfikishia, kwa jina.

2. Somo la kudumu liende kwenye karatasi. Tupunguze kurasa ziwe 4. Nakala 40 zitagharimu shilingi 16,000, yaani shilingi 400 kwa kila mwanachama kwa toleo.

3. Toleo hilo hilo liwekwe kwenye kundi kama PDF, lisikatwe vipande vipande.

4. Nakala mbili za kila toleo zihifadhiwe sehemu mbili tofauti: moja kwa katibu, nyingine ofisi ya kijiji. Simu huibiwa, na nyumba huvuja.

Nimesikia wengine watasema shilingi 400 ni nyingi. Nitawaomba kwanza twende wote kwa yule mama, tumsaidie kung'oa mihogo iliyougua na kumpelekea pingili safi. Majirani zake watatu nao wanatusubiri. Tukirudi, ndipo tupige kura.

Tukutane kikaoni, na jembe uje nalo.