Skochi, unga wa makaa na kidole ya mwizi: gari ikivunjwa, nani anatafuta ushahidi?

Saa kumi na mbili ya asubuhi, kartie ya Bel-Air, komine ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Mama mmoja, msikilizaji wetu, anatoka na funguo mkononi apeleke watoto masomo. Anakuta kioo cha pembeni ya gari kiko chini, vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Mkoba wenye telefone ya pili, karatasi za gari na pesa ya biashara umekwenda. Zamu anasema hakusikia kitu.

Kesho yake jioni mama huyo alituletea redioni karatasi nyeupe. Juu yake kulikuwa kipande cha skochi, na chini ya skochi alama ya kidole, nyeusi, mistari yake inaonekana vizuri kabisa. Aliitoa mwenyewe. Alisaga makaa ya brazero, akapitisha ule unga juu ya mlango wa gari kwa brashi ya kujipodoa, akabandika skochi, akavuta. Alijifunza kwa video moja aliyotumiwa kwa WhatsApp. "Polisi haikukuja. Basi mi mwenyewe njo polisi," alituambia, na tulicheka pamoja naye. Siku mbili nyuma hatukucheka tena.

Hasira yake iko na sababu, hatutamlaumu kwa hiyo. Kwenye posti ya polisi ambako alikimbilia kwanza, waliandika jina lake ndani ya daftari, kisha wakamwomba pesa ya mafuta ya jeep ili waende kuona gari. Kupokea malalamiko ya raia ni kazi ya polisi, hailipiwi. Lakini mkaaji gani wa muji huu hajui ile lugha ya "mama, karatasi imeisha", ya "tusaidie transport"? Pesa yenyewe ndiyo ilikwenda na mkoba. Akarudi nyumbani, akafungua telefone, akaanza kutafuta namna.

Na kile alichofanya si uchawi wala mchezo wa watoto. Kidole cha mutu kinatoa jasho, karibu yote ni maji, pamoja na chumvi kidogo na mafuta ambayo kidole inachukua pale unapojigusa uso ao nywele. Ukigusa kitu laini, kioo ama rangi ya gari, mistari ya ngozi inajichora. Maji yanakauka, mafuta yanabaki, na unga mwembamba unashika pale penye mafuta. Polisi wa nchi nyingi bado wanafanya vilevile: unga mweusi ao unga wa alumini, brashi laini, skochi pana. Vyombo vyao havipite sana vya huyu mama.

Shida iko kwa mambo ambayo skochi haiwezi kubandua.

Angalia kwanza mahali alipochukua ile alama. Kioo cha pembeni kikivunjika kinakuwa punje punje, hakuna punje moja yenye nafasi ya kubeba kidole kizima. Mwizi wa haraka anagonga, anaingiza mkono, anafungua kwa ndani, anachukua, anakwenda. Kama ameacha alama, itafutwe ndani: upande wa ndani wa mlango, kishikio cha ndani, retro ya katikati, kile kisanduku cha mbele ya abiria ambacho alifungua kupekua. Pale watu wengi hawagusi. Lakini mama alichukua nje, karibu na kishikio cha mlango, sababu pale palikuwa safi na unga ulishika vizuri. Sasa nani anagusa mlango wa gari kwa nje? Yeye mwenyewe. Watoto. Fundi wa tairi. Jirani anayeegemea akipiga masolo. Na zaidi ya wote zamu, ambaye kila asubuhi anaosha gari hiyo kabla mwenye gari hajaamka.

Alipeleka karatasi yake kwa OPJ. Mazungumzo yalikuwa mafupi, tunayaandika namna alivyotusimulia:

"Mama, hii ni kidole ya nani?"

"Ya mwizi, chef."

"Mwizi gani? Iko na jina?"

"Njo bile minakuletea, wewe uniambie jina."

OPJ hakuwa na mashine ya kulinganisha. Hakuwa na rejista ya kufungua. Alikuwa na kitu kimoja tu: mutu aliyelala ndani ya lupango usiku ule. Akamwita zamu, akamchovya vidole ndani ya wino, akaangalia kwa macho, akasema zinafanana. Zamu akalala kwenye kashoti.

Inawezekana kweli zinafanana! Mutu anayeosha gari kila siku angekosaje kuacha kidole chake juu ya gari? Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika na hizi video. Alama ya kidole inaweza kusema nani aligusa. Haisemi aligusa lini, wala juu ya nini. Hakuna maabara yenye njia ya kuaminika ya kusema alama hii ni ya jana usiku na ile ni ya juma lililopita. Kwa mutu asiye na sababu hata moja ya kugusa ndani ya gari yako, alama ni ushahidi mzito. Kwa zamu, kwa dereva, kwa kijana wa kuosha, ni sawa na kukuta alama za mupishi kwenye sufuria.

Historia yenyewe ya alama za vidole inafundisha jambo hili, na inaanza karibu sawa na kisa cha Bel-Air, kwa kioo kilichovunjwa. Mwezi wa kumi 1902, mjini Paris, mutu mmoja aliuawa ndani ya nyumba ya daktari wa meno. Kabati ya vioo ilikuwa imevunjwa, na juu ya kipande cha kioo kulikuwa alama za vidole. Alphonse Bertillon, mkubwa wa idara ya utambulisho ya polisi, alizipiga picha, akatafuta ndani ya kadi zake, akapata jina: Henri-Léon Scheffer. Watu wanapenda kusimulia habari ya kioo. Wanasahau habari ya kadi. Scheffer alikuwa amekamatwa kabla kwa wizi, na vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kadi ya polisi. Bila kadi ile, Bertillon angebaki na kioo mkononi, sawa na mama yetu na karatasi yake.

Sisi kadi yetu iko wapi? Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa nchi hii ilifanyika 1984. Kadi ya uchaguzi ndiyo tunaonyesha kwa benki, kwa barrière, kwa kununua laini ya simu. Mwanzoni mwa 2023 tulipanga mistari hapa Katanga mbele ya mashine za CENI, tukapiga picha, tukaweka vidole. Lakini vile vidole vilichukuliwa kwa ajili ya uchaguzi, havikuchukuliwa ili kila OPJ wa kartie avipekue. Kadi ya utambulisho wa taifa nayo ilizinduliwa kwa sherehe tarehe 30 Juni 2023. Mwaka uliofuata serikali ikavunja mkataba na kampuni zilizopewa kazi ya kuitengeneza. Polisi ya taifa iko na kitengo chake cha polisi ya ufundi na sayansi, ndiyo, lakini kutoka kitengo hicho mpaka kioo cha gari moja ya Bel-Air ni safari ndefu.

Na hata pale rejista iko, mashine iko, wataalamu wako, watu wanakosea. Baada ya mabomu ya treni ya Madrid, Machi 2004, FBI ya Marekani ilichukua alama iliyokutwa kwenye mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu, ikaitafuta ndani ya kompyuta yake, ikamkamata Brandon Mayfield, mwanasheria wa jimbo la Oregon. Wataalamu walisema ni yake bila shaka. Polisi wa Hispania walikataa, na mwishowe walipata mwenye alama, raia wa Algeria. Mayfield alikuwa amekaa ndani wiki mbili, na serikali ya Marekani ikamwomba radhi. Kama hao wote na vyombo vyao walikosea, tuseme nini juu ya macho ya OPJ mmoja, chini ya balbu moja, siku ya kukatika umeme?

Sheria yetu haichezi na wizi wa namna hii. Kifungu cha 81 cha kitabu cha makosa ya jinai kinasema wizi wa kuvunja unaweza kufikisha mutu miaka 10 ya gereza. Kwa zamu mwenye mshahara wa unga na mafuta ya kupikia, miaka 10 ya Kasapa ni maisha yote. Ndiyo maana mwanasheria yeyote akimtetea atauliza maswali ambayo ile karatasi haijibu. Nani alitoa alama? Mutu aliyeibiwa mwenyewe. Mbele ya nani? Hakuna. Picha ya alama kabla ya kuibandua iko wapi? Hakuna. Karatasi ililala wapi usiku mbili? Ndani ya Biblia, kwenye kabati. Jaji wa Kongo anapima ushahidi kwa dhamiri yake, hakatazwi kuupokea, lakini hakuna kitu kinachomlazimisha kuuamini. Na mbaya zaidi: pale skochi ilipopita, mtaalamu akija kesho anaweza kukosa kitu cha kutosha.

Tungeishia hapo kama hatari ingekuwa ya tribinali tu. Lakini tunajua kartie zetu. Mutu akiitwa mwizi kwa sauti, mara nyingine hafiki hata mbele ya OPJ. Mawe, tairi, petroli. Picha ya kidole na picha ya uso zikiwekwa pamoja katika kundi la WhatsApp la avenue, na chini yake "ndiye huyu", nani atauliza kama alama ilitoka ndani ao nje ya mlango? Anayeandika maneno hayo ajue pia kwamba kifungu cha 74 kinamhusu, kile cha kumchafulia mutu jina hadharani, na kwamba adhabu yake inafika mwaka mzima wa gereza.

Basi mutu akae tu, mikono mifukoni? Hapana. Kuna kazi ambayo mwenye gari anaweza kufanya vizuri kuliko polisi, sababu yeye ndiye wa kwanza kufika. Usifungue mlango, usifagie vioo, usiruhusu majirani kuingiza vichwa. Piga picha gari nzima, kisha mlango, kisha karibu kabisa, na uweke sarafu ao rula pembeni ili ukubwa uonekane. Ukiona alama kwenye vumbi (na kuanzia mwezi wa tano vumbi yetu nyekundu inaandika kila kitu), ipige picha na uiache: brashi itaifuta. Kama mwizi ameacha jiwe laini, chupa ao tournevis, ishike kwa ncha na uiweke ndani ya bahasha ya karatasi. Plastiki inafungia unyevu na alama inaharibika. Mvua ikitisha, funika gari na bashi bila kuigusisha pale kwenye mlango. Andika majina ya wote wanaogusa gari hiyo kwa kawaida, na zamu awe wa kwanza kwenye orodha. Orodha hiyo inamlinda yeye kuliko wewe. Kisha daia PV yenye kutaja hayo yote, na kama unaweza, nenda na mashahidi wawili.

Kuna pia kitu ambacho watu wanadharau: namba. Telefone kila moja iko na namba yake ya IMEI, unaipata kwa kubonyeza *#06#, na telefone iliyoibiwa hatimaye inauzwa mahali. Iandike leo, ungali nayo mkononi. Kwa maoni yetu namba hiyo ndani ya PV inaweza kufikisha mbali kuliko karatasi ya skochi, juu anayenunua mali ya wizi akijua naye ana kesi.

Swali lingine ni la wakubwa, na tutawauliza kwa mikrofoni watakapokubali kuja: kwa posti za komine zetu saba, ni ngapi zenye brashi moja, kopo moja ya unga, na mutu mmoja aliyefundishwa kuvitumia? Tunajua bei ya brashi. Mama wa Bel-Air alitumia ile ya kujipodoa.

Zamu alitoka siku ya tatu. Katiba, kifungu cha 18, inaweka mwisho wa masaa 48 kwa mutu kuwekwa na polisi. Kwake ilipita kidogo, na familia ilitoa matabishi. Mama mwenyewe ndiye alirudi kusema kwamba hamushtaki, baada ya binti yake kumkumbusha nani anaosha gari. Amemrudisha kazini, na zamu amekubali, sababu ana watoto wanne. Analinda lango, anamwagilia maua, anafungua na kufunga. Gari hataki tena kuigusa. Asubuhi mama anaiosha mwenyewe.