Mpaka wa kwenye simu unaizuia mashine, haumzuii mtoto

Mashine ya kufyonza vumbi inayojiendesha yenyewe imeanza kuonekana sebuleni kwa baadhi ya familia, nyingine ikiwa zawadi ya ndugu aliye ughaibuni. Inafagia huku mama akinyonyesha, na kazi kweli inapungua. Shida huanza inapoufikia mkeka aliolazwa mtoto.

Mwaka 2015 nchini Korea Kusini, mwanamke aliyelala sakafuni alinaswa nywele na mashine ya aina hii hadi waokoaji wakaitwa. Huyo alikuwa mtu mzima. Watoto wengi hulala chini mchana, na wa kike wana nywele zilizosukwa.

Kwa mashine zinazochora ramani, mzazi aiache kwanza izunguke nyumba nzima, milango ikiwa wazi. Ramani ikitokea kwenye simu, achore kisanduku mahali asipotaka iingie. Kizidi mkeka kwa hatua moja hivi kila upande, maana mkeka husogea na ramani haina habari. Hapa wengi hukosea: programu nyingi zina mipaka miwili, wa kutoingia kabisa na wa kutopiga deki tu. Aliyechagua wa pili ataikuta mashine inafyonza juu ya mkeka bila wasiwasi. Kituo cha kuchajia nacho kisihamishwe ovyo, kwani ramani inaweza kuvurugika pamoja na mipaka yake.

Zisizo na ramani hutumia utepe wa sumaku unaotandikwa sakafuni, au kifaa kidogo kinachorusha mwanga usioonekana. Betri ya kifaa hicho ikiisha, mpaka nao umekwisha.

Hata hivyo, mpaka huo uko kwenye kumbukumbu ya mashine tu. Mtoto wa miezi minane haujui. Anachokiona ni kitu kinachotembea na kuwaka taa, naye atakifuata kwa kutambaa hadi vidole vifike kwenye brashi. Usalama zaidi ni kuiwasha akiwa chumba kingine, mlango umefungwa, au akiwa mgongoni.

Halafu kuna suala la simu. Mara nyingi programu iko kwenye simu ya baba, na baba yuko kazini. Dada anayebaki na mtoto aonyeshwe kitufe cha kuizimia kwenye mashine yenyewe, akibonyeze mara mbili tatu mzazi akiwapo.