Kasoro za pikipiki zitangazwe kabla ya ajali



Kuna kero inayotuumiza sisi waendesha bodaboda. Pikipiki ikitoka kiwandani na kasoro, hakuna anayetuambia.

Mwenzangu wa kijiweni alinunua pikipiki mpya kwa mkopo. Hata marejesho hajamaliza, fremu ikapasuka kwenye maungio karibu na usukani, akaanguka na abiria, mama mwenye mtoto mgongoni. Namshukuru Mungu, walitoka na michubuko tu. Muuzaji alimjibu kuwa barabara zetu ni mbovu. Kumbe wenzetu wengine wenye toleo hilohilo walishachomelea fremu palepale, kila mmoja kwa fundi wake, kimya kimya. Taarifa za fremu hizo kupasuka hazikukusanywa popote, na hilo ndilo linalonikera kuliko jibu la muuzaji.

Marekani, tangu sheria ya mwaka 1966, kiwanda kikigundua kasoro ya usalama hulazimika kuwajulisha wamiliki, wa pikipiki wakiwemo. Leo mmiliki huingiza namba ya chasisi mtandaoni akajua kama chombo chake kinatakiwa kurudishwa, na hutengenezewa bure.

Namba hiyo hata sisi tunayo kwenye kadi, na Mamlaka ya Mapato (TRA) wanayo pamoja na majina yetu. Kutupata si kazi.

Naziomba Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani zitutangazie mahali pamoja pa kupeleka malalamiko haya, na ziwabane waagizaji watengeneze kwa gharama zao. Wasomaji mliopasukiwa fremu, andikeni pia, mkitaja toleo na mwaka.

Mwendesha bodaboda,
Morogoro