Debe tupu mezani: tunauziwa kelele tukidhani ni nguvu

Jamani, nani alitudanganya kwamba tarakilishi yenye nguvu lazima ivume kama posho mili?

Pita madukani hapa Nairobi, pale Luthuli Avenue na vichochoro vyake, useme unataka tarakilishi ya mezani ya kuandikia programu. Utaletewa kasha refu kama kabati la vyombo, ubavu wa kioo, feni tano zinazowaka rangi za disko na pawa saplai ya wati 750. Uliza kwa nini ni kubwa hivyo. Utajibiwa: "Bosi, hii ndiyo mashine sasa." Basi. Hayo ndiyo maelezo yote ya kitaalamu utakayopata.

Mimi huandika programu ili nile. Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, na katika miaka ile minne hakuna mhadhiri hata mmoja aliyenifundisha kwamba feni hukompaili msimbo. Kwa hivyo nitasema wazi: ikiwa huchezi michezo mizito ya video na hufanyi kazi za picha za 3D, lile kasha kubwa ni hewa unayouziwa kwa bei ya chuma. Jiundie tarakilishi ndogo, iliyonyamaza. Inawezekana, na sio uchawi.

Tuanze na huo ukubwa. Mpangilio wa ATX, ambao hadi leo ndio unaoamua vipimo vya bodi kuu (ile mafundi huita madabodi) na makasha mengi, uliletwa na Intel mwaka wa 1995. Bodi yake ni milimita 305 kwa 244. Wakati huo kulikuwa na sababu. Sauti ilitaka kadi yake, modemu kadi yake, mtandao kadi yake, kisha uweke kiendeshi cha disketi, cha CD, na diski moja au mbili za kuzunguka. Leo sauti na mtandao vimo ndani ya bodi. Michoro imo ndani ya prosesa. Diski ya NVMe ni kipande chenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Disketi je, nani bado anayo? Lakini kasha limebaki vilevile, kama nyumba ya vyumba kumi ambayo watoto walishahama na wewe bado unaifagia yote.

Mwaka wa 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilileta Mini-ITX, bodi ya sentimita 17 kwa 17. Imepita miaka zaidi ya 20. Si teknolojia ya kesho hiyo, ni ya juzi. Hata hivyo, nilipoingia duka moja mjini (silitaji) kuulizia bodi ya namna hiyo, muuzaji aliniambia hizo ni za mashine za kulipia supamaketi. Kisha akaanza kunionyesha feni za rangi.

Chukua rula. Kasha la kawaida la sentimita 45 kwa 45 kwa 21 lina lita 42 na ushei. Hiyo ni mitungi miwili ya maji, ile ya lita 20, imekaa chini ya meza yako. Langu ni sentimita 25 kwa 22 kwa 20, yaani lita 11. Linakaa juu ya meza, nyuma ya kiwambo.

Sasa kelele. Kelele ya tarakilishi haitoki kwenye nguvu, inatoka kwenye joto linalotafuta njia ya kutoka. Wale wa Intel walijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka wa 2004 walitoa Pentium 4 za kizazi cha Prescott, na toleo la GHz 3.8 lilikadiriwa wati 115. Mrithi wake aliyekuwa akipikwa, jina Tejas, alifutwa mwaka huohuo kabla ya kuzaliwa, maana mbio za kuongeza GHz zilikuwa zimegeuka mbio za kuongeza joto. Kilichowaokoa ni usanifu uliotokana na prosesa za vipakatalishi. Core 2 Duo ya mwaka wa 2006 ilikuwa ya wati 65, na iliiacha Pentium 4 mbali sana. Kwa hivyo mtu akikuambia "inavuma kwa sababu iko na nguvu," mwambie huo ulikuwa ubishi wa mwaka wa 2004, na waliokuwa nao walishindwa.

Halafu kuna hesabu ya feni, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ndipo siri yote ilipo. Ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli kama 15. Kumi na tano! Hiyo ni tofauti kati ya kitu unachokisikia ukiwa chumba cha pili na kitu ambacho inabidi uinamie ukisikie. Feni ya milimita 120 ina eneo mara mbili na robo ya ile ya milimita 80, kwa hivyo inaweza kusukuma hewa ileile ikizunguka taratibu zaidi. Feni moja kubwa ya mwendo wa pole hushinda feni tano za mwendo wa matatu.

Ndiyo maana siwaungi mkono wale wa ng'ambo wanaoshindana kubana mashine ndani ya kasha la lita 3. Udogo na ukimya ni ndugu wasiopatana. Ukibana sana, unalazimika kuweka kifeni kidogo, na kifeni kidogo hulia kama mbu. Kuna makasha ya lita 3 na ushei yanayokuja na pawa saplai yake ndani, mazuri ajabu kwa macho, lakini nafasi ya kupoza ni ya kuomba Mungu. Lita 10 hadi 12 zinatosha kuingiza feni ya milimita 120. Mimi nilikomea hapo.

Ndani nimeweka AMD Ryzen 5 5600G: viini 6, nyuzi 12, michoro yake ndani kwa ndani. Ilitoka mwaka wa 2021, kwa hivyo si mpya, na hilo halinisumbui hata kidogo. Inakadiriwa wati 65, lakini AMD wenyewe wanaruhusu kuishusha hadi 45 kwenye BIOS. Nimeishusha. Mradi wangu mkubwa uliokuwa ukichukua dakika 10 kukompaili sasa unachukua karibu 11. Hiyo dakika moja nitaitumia kupiga miayo, hainidhuru. RAM ni GB 32, diski ni NVMe tupu, hakuna kinachozunguka isipokuwa feni mbili. Pawa saplai ni ya aina ya SFX, wati 450, ambayo feni yake haizunguki kabisa mzigo ukiwa mdogo.

Wati 450 bado ni nyingi kupita mahitaji yangu, lakini madukani ndogo kuliko hiyo yenye ubora ni shida kuipata. Ile ya 750 wanayokusukumia ni mbaya kwa sababu ambayo hawakuambii. Vipimo vya kawaida vya 80 PLUS hufanywa kwenye mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Tarakilishi iliyotulia inayotumia wati 30 kwenye pawa saplai ya 750 iko kwenye asilimia 4, mahali ambapo kile cheti hakisemi lolote na ambapo umeme mwingi hupotea njiani. Unalipia cheti usichokitumia.

Kazi iliyochukua muda kweli haikuwa kukaza skrubu. Ilikuwa BIOS. Bodi nyingi huja na mpangilio wa feni wenye wasiwasi: prosesa ikipanda digrii tano kwa sekunde mbili kwa sababu umefungua kivinjari, feni inapiga kelele, kisha inanyamaza, kisha inapiga tena. Sikio huchoshwa na hiyo panda-shuka kuliko mvumo wenyewe. Ingia uweke feni ikae mwendo mmoja wa chini hadi prosesa ifike digrii 65, kisha ipande pole pole, na uchelewesho wa sekunde kadhaa kabla ya kuitikia. Jioni moja inatosha, na hugharimu sifuri. Wangapi kati ya waliouziwa mashine ya feni tano waliambiwa hivyo?

Nimeipima ukutani kwa kipimo cha umeme. Ikiwa imetulia, wati 22. Viini vyote vikifanya kazi, 78 hivi. Mashine kubwa yenye kadi ya michoro hula wati 80 ikiwa haifanyi lolote, imekaa tu. Tofauti ya wati 60, kwa saa 10, kwa siku 26 za kazi, ni yuniti 15.6 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya tokeni yako. Sio utajiri, lakini kuna watu nyumba nzima yao hailipii zaidi ya hapo sana.

Na stima ikipotea? Yuupiesi ndogo ya kawaida ina betri ya volti 12, Ah 7. Hiyo ni Wh 84 kwenye karatasi. Mashine ya wati 250 pamoja na kiwambo itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kulaani. Yangu na kiwambo havifiki wati 50 nikiandika msimbo, na hata ukitoa hasara ya kugeuza umeme, napata zaidi ya nusu saa.

Lakini kilichonisukuma hasa si tokeni. Wengi wetu wa rika langu tunaishi chumba kimoja. Mdogo wangu anasoma chuo na analala mita moja na nusu kutoka meza yangu. Wateja wangu wako saa za Marekani, kwa hivyo kazi inaanza watu wakilala. Wale wanaotuuzia mavumo wanadhani kila mtu ana chumba cha masomo chenye mlango. Hatuna. Kelele ya tarakilishi yangu ni usingizi wa mtu mwingine, na ana mtihani asubuhi.

Najua mtakayosema. "Nunua kipakatalishi." Vile vyembamba ndivyo vinavyolia kuliko vyote, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe. RAM ikiwa imechomelewa, imechomelewa. "Nunua Mac mini." Ni mashine tulivu kweli, na ile ya M4 ya mwaka wa 2024 ina upana wa sentimita 12.7 tu, nawapa heko. Lakini kumbukumbu uliyonunua siku ya kwanza ndiyo utakayozikwa nayo. "Nunua zile ndogo za ex-UK, ThinkCentre Tiny na wenzake." Hapa nanyamaza kidogo, maana hoja hii ina uzito. Ni imara, ni bei nafuu, na kama mfuko hauruhusu kuunda, chukua hiyo uache mnara. Ubaya wake ni kwamba bodi na kasha ni vya kampuni moja. Bodi ikifa hutaweka ya mwingine. Yangu ikifa, bodi yoyote ya sentimita 17 inayokubali prosesa ile inaingia kwenye matundu yaleyale ya skrubu.

"Je, joto la Mombasa?" Swali zuri. Joto la prosesa ni joto la chumba ukijumlisha nyongeza ya kazi. Chumba cha Nairobi kikiwa digrii 23 na changu kikafika 68 kwenye kazi nzito, basi chumba cha Mombasa chenye 32 kitaipeleka 77 au zaidi kidogo. Kikomo cha 5600G ni 95. Ongeza mwendo wa feni kidogo, safisha vumbi mara nyingi zaidi, weka kasha mbali na dirisha la chumvi. Mnara mkubwa haukupi ubaridi ambao chumba chenyewe hakina.

Kwa hivyo ukienda dukani wiki hii, usiulize feni ngapi. Mwambie muuzaji azime redio, awashe mashine, akompaili au abane faili kubwa kwa dakika kumi, nanyi msimame hapo kimya. Akianza kuongea katikati, mwambie asubiri. Akikataa kuzima redio, toka uende duka la pili.